UZI: Binti yetu alifika miaka miwili na maneno tisa. Tulichofanya baada ya kuacha kumwambia "sema"

Baba wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma jukwaa hili la malezi kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu haupiti mwezi bila mzazi kuuliza "mwanangu ana miaka miwili haongei, nifanyeje", na majibu ni yale yale: subiri, atasema tu. Nasi tuliambiwa hivyo. Tulisubiri miezi minne, na miezi hiyo inaniuma hadi leo.

Binti yetu alipotimiza miaka miwili, mke wangu alichukua daftari la duka akawa anaandika kila neno linalomtoka mtoto kwa wiki nzima. Yalifika tisa: mama, bibi, didi yaani ndizi, nyau, pu, bai, ati yaani kiatu, mwa yaani maji, na a-a ya kukataa. Mengine yote alitushika mkono na kutuvuta. Akitaka maji anakupeleka mpaka kwenye ndoo, anauweka mkono wako juu ya kikombe, anakuangalia usoni.

Kliniki tulikokuwa tunampeleka kupimwa uzito niliuliza, nikajibiwa kwamba watoto hawafanani, tusiwe na haraka. Nyumbani shangazi akasema anaona aibu tu, mama mkwe akasema baba yake naye alichelewa. Mwisho mke wangu akasema hasubiri tena, tukapanda basi kwenda Dar kwa mtaalamu wa usemi na lugha.

Kwanza alitaka masikio yapimwe. Yalikuwa salama. Kisha akatuomba tucheze na mtoto mbele yake kama tunavyocheza nyumbani, yeye akakaa pembeni na kalamu. Baada ya kama nusu saa akauliza kwa upole: "Baba, unajua umesema neno 'sema' mara ngapi?"

Sikujua. Jioni ile mke wangu alihesabu tangu tuliporudi hadi mtoto alipolala. Sema maji. Sema asante. Sema shikamoo bibi. Sema baba, haya sema, sema basi. Mara thelathini na moja. Neno alilolisikia mwanangu kuliko yote katika nyumba yetu lilikuwa "sema", na hilo halina kitu unachoweza kukiona, kukishika wala kukila. Tena kila likitamkwa alikuwa anainamisha uso, kwa sababu lilimkuta hana la kutoa.

Basi agizo la kwanza likawa hilo: msimdai neno, mpeni. La pili, mchague maneno machache. Sisi tulikuwa tumeenda na orodha yetu: rangi, namba, sehemu za mwili. Akaiweka pembeni, akauliza mtoto anapenda nini. Maji. Kufungua na kufunga vitu. Funguo. Kupanda juu ya kochi. Kutoka hapo tukapata sita: mimina, fungua, tena, imeisha, panda, moto. Hilo la mwisho mke wangu ndiye aliyelitaka, kwa ajili ya jiko la mkaa.

Nikashangaa, sita tu? Akanieleza kwamba kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, kundi la Mary Alt, waliochapisha kazi yao mwaka 2020. Walifanya kazi na watoto 24 waliochelewa kuongea. Wengine walipewa maneno matatu, kila moja likitamkwa mara 90 katika kikao kimoja. Wengine walipewa sita, kila moja mara 45. Makundi yote mawili yalipiga hatua na hakukuwa na tofauti kubwa kati yao. Kilichonibaki kichwani ni zile namba: mara 45, mara 90. Mimi nilikuwa nadhani nikimwambia mtoto neno mara tano kwa siku nimefanya kazi.

Nikaanza kujipima. Asubuhi nilitia maharage mfuko wa kulia wa suruali, kila nikisema "mimina" nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Siku ya kwanza, kuoga kwake kote, nilihamisha kumi na mbili, na nilikuwa najiona msemaji.

Beseni ndilo lilikuwa darasa letu. Nilimpa kikombe kimoja nami nikashika kingine. Yeye akichota, nasubiri. Akianza kuinamisha, nasema: mimina. Mimina maji. Baba anamimina. Tumimine tena? Mimina mguuni. Umemimina! Kisha nakaa kimya nahesabu moyoni mpaka saba, namwangalia. Kimya kile ndicho kilikuwa kigumu kwangu kuliko maneno yenyewe. Asiposema kitu hatumuulizi, tunaendelea kumimina.

Mtaalamu alisisitiza tusikae kwenye maji tu. Mimina unga, mimina mchanga, mimina chai, mimina mchele kwenye ungo. Mtoto akisikia neno mahali pamoja tu anaweza kudhani ndilo jina la beseni. Akilisikia kwenye vitu kumi tofauti, anabaki na kile kinachofanana katika vyote.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu alisema "pada" juu ya kochi, mke wangu akanipigia dukani kuniambia. Wiki ya sita ilinyesha mvua kubwa jioni, bibi yake akakinga ndoo chini ya bati. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Maji yalipoanza kushuka kwenye ndoo, akanyoosha kidole akasema "mina! Baba, mina!" Hatukuwahi kumwonyesha mvua. Alilitoa neno kwenye beseni akalipeleka kwenye bati yeye mwenyewe.

Nimeandika kirefu, mnisamehe. Wenye watoto wa namna hii tuendelee hapa.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, hongera kwa binti. Lakini nadhani mnawatia wazazi hofu bure. Mimi nilianza kuongea vizuri nina miaka mitatu, mama yangu anasimulia mpaka leo, na sasa hivi kazi yangu ni ya kuongea mbele za watu. Mdogo wangu vile vile. Mbona hatukupelekwa kwa mtaalamu yeyote?

Ulimi na Sikio

Kaka Kisiki, nakujibu kwa heshima kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Nilisomea usemi na lugha Makerere, Kampala, ambako shahada ya fani hii ilianza 2008. Sisi wa fani hii ni wachache mno ukanda wetu, kwa hiyo majukwaa kama haya yanabeba mzigo mkubwa.

Ulichosema kina ukweli. Watoto wengi wanaochelewa wakiwa na miaka miwili huwafikia wenzao, zaidi ya nusu yao. Shida ni kwamba akiwa mbele yangu na miaka miwili, siwezi kukuhakikishia kama huyu ni wa kundi la watakaofika wenyewe au la wale watakaoingia darasa la kwanza bado wanahangaika na lugha. Utafiti uliofanywa Marekani na Uingereza unaonyesha kwamba karibu mtoto 1 katika kila 14 anayeanza shule ana tatizo la lugha lisilotokana na ukiziwi wala ugonjwa mwingine unaojulikana. Watoto hao huitwa wavivu, huitwa wazito, hupigwa kwa kutofuata maagizo ambayo hawakuyaelewa.

Na ile kauli ya "baba yake naye alichelewa", mimi huisikia tofauti na familia. Wao huitoa kama faraja. Kwangu ni sababu ya kumwangalia mtoto mapema zaidi, kwa sababu tatizo hili hutembea katika ukoo.

Kipimo cha kawaida ni hiki: akitimiza miezi 24 awe na maneno angalau 50, na awe ameanza kuunganisha mawili, "mama njoo", "maji tena". Asipofika hapo, mlete. Kumsaidia asiyehitaji hakumdhuru, maana dawa yenyewe ni mzazi kuongea naye vizuri zaidi.

Mama Kisauni

Asante sana baba wa Kihonda. Mimi niko Mombasa, na yangu ilikuwa masikio. Kijana wangu alikuwa akisikia, ndiyo maana hatukushuku. Ukidondosha sufuria anashtuka. Muadhini akiadhini anageuka. Lakini ukimwita jina kwa sauti ya kawaida ukiwa mgongoni mwake, hageuki, na tukasema ni mtundu, anatupuuza.

Kumbe alikuwa na maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio. Hapakuwa na usaha, hakulia, hakushika sikio. Daktari alinambia nizibe masikio yangu kwa vidole halafu nimsikilize mume wangu akiongea kutoka chumba cha pili. Nikalia pale pale, kwa sababu nilikumbuka viboko. Yalikauka yenyewe baada ya miezi mitatu hivi. Kuna wengine hayakauki, huwekewa vijibomba vidogo. Naomba kila anayesoma uzi huu aanze na masikio, hata kama ana hakika mtoto anasikia.

Mwl wa Chekechea

Nimesoma kila neno. Baba wa Kihonda, uliposema mlienda na orodha ya rangi na namba umenigusa, kwa sababu wazazi ndicho wanachotudai sisi walimu. Mwaka jana nilimpokea mtoto wa miaka mitatu na nusu, anahesabu wani mpaka twenti kwa Kiingereza, anajua redi, bluu, yelo, anajua mnyama gani yuko kwenye katuni gani. Mama yake alikuwa na fahari naye. Siku ya tatu mtoto huyo alijikojolea mbele yangu akiwa amenishika sketi, kwa sababu hakuwa na neno la kuniambia anataka choo. Alikuwa akirudia "eleveni, eleveni" huku analia.

Simu ilikuwa imempa maneno asiyoweza kuyatumia kumfikia mtu. Nimefundisha miaka mingi, na naweza kusema hivi bila wasiwasi: mtoto wa namna hii anahitaji nipe, nisaidie, choo, sitaki, tena, njoo, inauma, kabla ya jina la rangi yoyote.

Ulimi na Sikio

Mwalimu, umesema kweli tupu. Kuhusu simu kuna jaribio la Patricia Kuhl na wenzake wa mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walisikilizishwa Kichina. Wale waliocheza na mtu anayekiongea ana kwa ana waliweza baadaye kutofautisha sauti za lugha ile. Wale waliopata mtu yule yule kupitia video hawakupata chochote. Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2019, inasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri.

Naongeza jambo moja la lugha yetu, maana mafunzo mengi tunayopata yameandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Kitenzi chetu kinavaa nguo nyingi. Mtoto anasikia ninafungua, utafungua, hajafungua, kimefunguliwa, neno lenyewe limejificha katikati. Kwa hiyo anza na umbo la kuamuru, fungua, lete, kaa, peke yake na wazi, ndipo umvalishe: anafungua, tumefungua. Alivyofanya baba wa Kihonda kwenye beseni ndivyo hasa. Na mtoto akisema "mina" au "gua", usimkosoe. Mrudishie tu likiwa kamili: eeh, fungua, baba anafungua. Watoto wengi wa Kiswahili hudondosha vipande vya mbele mwanzoni, hata wasiochelewa.

Vile vile msidharau sauti. Pu, ngo ngo ngo, chubwi, meee, dede. Kama mtoto anatumia "chubwi" kila mara kitu kikitumbukia majini, hilo ni neno, liandike kwenye daftari. Kwa mtoto aliye kimya kabisa mara nyingi naanzia huko, kwa sababu sauti hizi ni fupi, zina mchezo ndani yake, na bibi yeyote anazijua.

Mama wa Bukavu

Hamjambo wazazi. Mimi ni Mkongomani, niko Columbus, Ohio. Mtoto wangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitano. Hapa kuna mtu alituambia tuache Kiswahili nyumbani, tuseme Kiingereza tu, ndiyo mtoto asichanganyikiwe. Bwana yangu anakijua kidogo, mimi bado najifunza. Sasa nyumba imenyamaza. Naogopa kuongea na mtoto wangu nisimharibu. Nifanye nini?

Ulimi na Sikio

Mama, rudi kwenye Kiswahili chako leo hii, usingoje kesho. Lugha mbili hazileti ucheleweshaji. Mtoto mwenye tatizo la lugha atakuwa nalo katika lugha moja au katika mbili, na kumnyang'anya moja hakumponyi. Linalomdhuru ni hilo ulilolitaja mwenyewe, nyumba kunyamaza. Kiingereza cha kubahatisha hakiwezi kumpa mara 45 za "mimina" na hadithi na utani na kubembelezwa. Kiswahili chako kinaweza.

Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja. Akisema "maji" na pia "juice", ni mawili.

Na uchukue hatua upesi kuhusu hili: Marekani kila jimbo lina huduma ya serikali kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, na tathmini yake ni bure. Wako amebakiza miezi saba. Omba mkalimani wa Kiswahili, na uwaambie wazi kwamba nyumbani ni Kiswahili, wasimpime kwa Kiingereza peke yake.

Mama wa Bukavu

Mungu akubariki. Nimelia. Usiku huu nimemwogesha, nimeongea naye mpaka sauti imekauka.

Jirani wa Makorora

Naomba kuuliza. Wa kwangu wamesema ana udata, ulimi umefungwa chini, akakatwe. Ameshakatwa, sasa wiki ya tano na maneno hayajaongezeka. Kuna la zaidi?

Ulimi na Sikio

Dada, ule uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi sana unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na baadaye baadhi ya sauti. Haupunguzi idadi ya maneno. Maneno hukaa kichwani, si kwenye ncha ya ulimi, na mtoto mwenye ulimi uliofungwa bado angekuwa anajaribu kusema vitu vingi kwa matamshi mabovu. Kwa hiyo anza upya: masikio, halafu tuangalie lugha. Nijibu haya: ukimwambia "lete kiatu" bila kunyoosha kidole, analeta? Anakuonyesha vitu kwa kidole ili nawe uvione? Alikuwa na maneno yoyote ambayo ameyapoteza?

La mwisho nalisema kwa wote. Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, kwa umri wowote, asisubiri wiki mbili wala moja.

Jirani wa Makorora

Kiatu analeta. Kidole ananyoosha, hasa kwa paka na bodaboda. Hajapoteza chochote, ni vile hajawa nayo.

Ulimi na Sikio

Hizo ni habari njema, dada. Mtoto anayeelewa na anayenyoosha kidole ana njia nyepesi zaidi kuliko asiyeelewa. Na ameshakuchagulia maneno mawili yeye mwenyewe: paka na bodaboda.

Mwl wa Chekechea

Naomba nirudi kidogo, kwa wale wanaosema hawana vitabu au hawajui kusoma. Kuna utafiti uliofanywa vijijini magharibi mwa Kenya, ukatoka 2020. Walitengeneza vitabu vya hadithi za mazingira yale, kwa Kijaluo na Kiingereza, wakawafundisha walezi namna ya kukaa na mtoto na kuzungumza juu ya picha. Wapo walezi wasiojua kusoma kabisa. Watoto wao, walezi walipopata mafunzo, walifaidika sawa na wenzao au zaidi. Siri ni kuuliza, kusubiri, na kuongeza kwenye alichosema mtoto. Darasani kwangu natumia kalenda ya zamani yenye picha ya soko. Mtoto akigusa samaki, nasema samaki. Samaki mkubwa. Mama anakata samaki. Kesho tunarudi picha ile ile, hakuna anayechoka isipokuwa mimi.

Baba wa Kihonda

Samahani nimechelewa, dukani kulikuwa na mzigo. Nimeona wengi wananiuliza inboksi tulipofika, najibu hapa.

Binti ana miaka mitatu na mwezi mmoja. Daftari tuliacha kulijaza yalipopita mia mbili, kwa sababu hatukuweza kumfuata tena. Anaunganisha matatu, wakati mwingine manne. Bado yuko nyuma ya mtoto wa jirani waliyezaliwa naye mwezi mmoja, nisiwadanganye. Maneno ya wakati yanamsumbua, jana na kesho kwake ni kitu kimoja, na akiwa na haraka bado anatushika mkono na kuvuta. Dar tunakwenda mara moja kila miezi mitatu, nauli ndiyo inayotubana. Katikati kazi ni yetu na bibi yake. Bibi ndiye aliyechelewa kuacha "sema shikamoo". Siku hizi anamsalimu bibi mwenzake mbele ya mtoto, polepole, "shikamoo mama", kisha anasubiri, na juzi mtoto alitoa "kamoo" bila kuambiwa.

Maneno ya wiki hii ni nisaidie, bado, ndani, chini ya. Hilo la mwisho tunalifanya na funguo: naficha chini ya ndoo, chini ya kanga, chini ya mguu wa bibi. Maharage bado yako mfukoni. Jana nilifika hamsini na tatu kabla ya chai.

Jirani wa Makorora

Kaka, unaanzaje na bodaboda? Haimo ndani ya nyumba.

Baba wa Kihonda

Kaeni barazani jioni, dada, zinapita nyingi. Ikisikika kwa mbali nyamaza, mwangalie yeye, usiiangalie barabara. Akigeuka, ndipo useme. Boda. Boda inakuja. Boda imepita.